Mwenye shida ya kumeza asisubiri rufaa: huduma ianzie zahanati na wodini

Ndugu wanajukwaa,

Katika mijadala yetu kuhusu bima ya afya, vifaa tiba na uhaba wa wataalamu kuna kundi la wagonjwa ambalo halitajwi, ingawa limo katika kila hospitali ya wilaya na katika nyumba nyingi tunazozifahamu. Ni watu wenye shida ya kumeza. Yumo mzee aliyepata kiharusi ambaye kila akinywa maji anapaliwa. Yumo mama wa makamo ambaye ugali umeanza kumkwama kifuani. Yumo mtoto mwenye mtindio wa ubongo anayelishwa kwa muda mrefu na bado hanenepi. Yumo mtoto aliyekunywa kostiki ya kutengenezea sabuni iliyohifadhiwa kwenye chupa ya soda. Yumo pia anayeishi na VVU ambaye fangasi wa umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, wamemfanya aogope hata kumeza mate. Magonjwa yao ni tofauti na wodi zao ni tofauti, lakini tatizo lao ni moja: chakula hakifiki tumboni kwa usalama. Anayeishi mbali na mji mkubwa hupata msaada akiwa amechelewa sana, kama anaupata.

Mimi ni afisa lishe katika hospitali ya serikali hapa Tanzania, na hoja ninayoileta ni kwamba wagonjwa hawa hunyimwa haki yao mapema kuliko tunavyodhani. Tumezoea kusema kwamba tatizo ni kukosekana kwa mashine na madaktari bingwa mikoani, na ni kweli hao hawatoshi. Hata hivyo, wengi huwa wamekwisha kuumia kabla ya kufika mahali ambapo mashine ingehitajika, kwa sababu kule zahanati hakuna aliyewauliza kama wanameza vizuri, na kule wodini hakuna aliyekaa dakika tano akawatazama wakimeza.

Nianze na kiharusi. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2005 yalionyesha kwamba, kutegemea njia ya upimaji iliyotumika, kati ya asilimia 37 na 78 ya watu waliopata kiharusi huwa na shida ya kumeza, na kwamba wenye shida hiyo hupata homa ya mapafu takriban mara tatu zaidi ya wasio nayo. Sababu yake inaeleweka. Tunapomeza, njia ya hewa hufungwa kwa muda mfupi mno ili tonge lipite kuelekea kwenye umio. Misuli iliyodhoofishwa na kiharusi huchelewa kuifunga, na maji, ambayo hukimbia kuliko chakula chochote, huwahi kuingia mapafuni. Baadhi ya wagonjwa hukohoa, na hao angalau wanaonekana. Wengine hawakohoi hata kidogo kwa kuwa hisia za koo nazo zimepotea, na mtu anayewalisha huamini kwamba wanakula vizuri.

Kinachotokea wodini kila mhudumu anakifahamu. Ndugu wa mgonjwa hufika saa ya kuona wagonjwa wakiwa na chupa ya chai au uji, humwinua mgonjwa kidogo tu na kumnywesha akiwa bado amelala. Wanafanya hivyo kwa upendo, na hakuna aliyewaambia wasubiri. Baada ya siku chache homa inapanda. Kwenye faili huandikwa nimonia, na mgonjwa akifariki huandikwa kiharusi. Shida ya kumeza haiandikwi popote. Kwa kuwa haikuandikwa, haimo katika takwimu za wilaya, na kwa kuwa haimo katika takwimu, hakuna anayeiombea fedha wakati wa kupanga bajeti.

Hatua ya kwanza haihitaji fedha nyingi. Mgonjwa wa kiharusi asipewe chakula, maji wala vidonge kwa mdomo mpaka mtu aliyefundishwa ampime. Kipimo kinachotumika sana ni cha maji mililita 90: mgonjwa aliye macho na aliyekaa wima hunywa mfululizo, na akikohoa, akishindwa kumaliza, au sauti yake ikigeuka kuwa ya majimaji, anazuiwa kwanza hadi apimwe kwa undani. Kipimo kingine, kijulikanacho kama GUSS, kilitungwa Austria na kuchapishwa mwaka 2007. Hicho huanza kwa kutazama mgonjwa akimeza mate yake, kisha kitu kizito cha kulainika, kisha maji, na mwisho kitu kigumu. Kwa maoni yangu GUSS kinatufaa zaidi, kwa sababu mgonjwa aliyeshindwa maji lakini akaweza uji mzito haachwi na njaa. Anaendelea na kile anachokiweza.

Kundi la pili ni la wale ambao chakula kinawakwama kifuani, na hapa Afrika Mashariki ina mzigo wake wa pekee. Ukanda unaoanzia Ethiopia na kupita Kenya, Uganda, Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini ni miongoni mwa maeneo yenye saratani ya umio kwa wingi duniani, na kwa wanaume wa Tanzania hiyo ni moja ya saratani zinazoongoza. Tumbaku na pombe vinahusika, na mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliviweka vinywaji vya moto unaozidi nyuzi 65 za Selsiasi katika kundi la vitu ambavyo kuna uwezekano mkubwa kwamba vinasababisha saratani. Anayejua chai inavyonywewa asubuhi katika nyanda zetu za baridi anaelewa kwa nini jambo hilo linatuhusu.

Madaktari huipima shida hii kwa ngazi tano, kuanzia sifuri, ambapo mtu anakula kila kitu, hadi nne, ambapo hata mate hayapiti. Nyumbani mwendo wake huonekana hivi: kwanza ugali mkavu na nyama vinakwama, na mtu anavisukuma kwa maji, baadaye anahamia kwenye wali uliolowekwa mchuzi na ndizi za kupondwa, kisha anabaki na uji na chai. Kutoka mwanzo hadi hapo mara nyingi hupita miezi, na miezi hiyo humalizikia kwenye dawa za vidonda vya tumbo. Mtu anasema chakula kinakwama, anaandikiwa dawa za asidi. Anarudi, anaandikiwa tena. Anahamia kwa mganga, anarudi akiwa amekonda. Anapopata rufaa ya kipimo cha kamera inayoingizwa kooni kutazama umio, tayari hawezi kumeza kitu kigumu, na nafasi ya kutibiwa kwa lengo la kupona imekwisha kupita. Kama kuna agizo moja ambalo ningetamani libandikwe katika kila chumba cha kuonea wagonjwa, ni hili: mtu mzima ambaye chakula kigumu kinamkwama, na hali inazidi, apewe rufaa ya kamera mara ya kwanza anapolalamika. Anayeishi na VVU na mwenye utando mweupe mdomoni aanzishiwe flukonazo, dawa ya fangasi isiyo ya gharama kubwa, na asipopata nafuu ndani ya wiki moja hadi mbili naye apelekwe kwenye kamera.

Lakini rufaa bila nauli ni karatasi tu. Kwa mtu wa Kibondo au Liwale, kipimo cha kamera maana yake ni nauli ya watu wawili, mahali pa kulala, chakula cha anayemsindikiza, na shamba lililoachwa bila mtu. Mtoto aliyeungua umio kwa kostiki hahitaji safari moja. Njia yake ya chakula husinyaa, na kuipanua hurudiwa mara nyingi kwa miezi, pengine miaka. Nimeona familia zikiacha matibabu hayo katikati, wala si kwa uzembe. Ng'ombe na mbuzi wa kuuza walikuwa wamekwisha. Ndiyo maana nasema kwamba sheria ya bima ya afya kwa wote iliyopitishwa Tanzania mwaka 2023, na mfumo mpya wa bima ulioanza kufanya kazi Kenya mwezi Oktoba 2024, vitapimwa kwa mambo madogo madogo yaliyomo ndani ya kifurushi: je, mpira wa kulishia umo, kupanua umio umo kwa kila awamu, stenti, yaani kibomba kinachowekwa ndani ya umio ili ubaki wazi, imo, mazoezi ya kumeza yamo? Mambo hayo yasipoandikwa kwa majina yake, mgonjwa ataambiwa dirishani kwamba kadi yake haiyagharimii.

Kuhusu wataalamu wa tiba ya usemi na umezaji, Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kuwafundisha kwa shahada mwaka 2008, na wahitimu wake wamekuwa wakifanya kazi katika nchi za ukanda huu. Hata hivyo, idadi yao haiwezi kufikia kila hospitali ya wilaya katika kizazi hiki, na wengi hubaki mijini, mara nyingi katika huduma za kulipia. Tuwasomeshe wengi zaidi na tuwatengenezee nafasi za ajira serikalini. Wakati tunawasubiri, kazi ya kwanza ifanywe na walio karibu na kitanda.

Naomba michango, hasa ya walio kazini na ya wenye wagonjwa nyumbani.

Mchangiaji, muuguzi wa wodi ya wanaume:

Ndugu afisa lishe, nakushukuru kwa kulileta jambo hili, na ninakubaliana nawe karibu kote. Naomba tu useme pia ukweli wa zamu ya usiku. Niko peke yangu na mhudumu mmoja, wodi imejaa, kuna wa dripu, wa damu, wa oksijeni. Kila programu mpya inayokuja inakuja na fomu yake, na fomu hiyo inaishia mikononi mwa muuguzi. Ukiniambia nimpime kila mgonjwa wa kiharusi kwa maji kabla hajala, nitakubali kwa moyo, lakini ni nani atakayepunguziwa kitu ili mimi nipate dakika hizo? Aidha, nikimzuia mgonjwa kula na daktari asipopita hadi kesho yake mchana, ndugu zake wataniona mimi ndiye ninayemuua kwa njaa. Hayo yameshanikuta.

Mleta uzi:

Dada muuguzi, umegusa mahali ambapo mipango mingi hufia, na sitaki kukujibu kwa wepesi.

Ushahidi kwamba wauguzi ndio wanaoweza kubadilisha hali upo, na ni mzuri. Australia, katika jimbo la New South Wales, wodi 19 za kiharusi zilishiriki utafiti uliochapishwa mwaka 2011 katika jarida la Lancet. Wauguzi wa baadhi ya wodi walifundishwa kusimamia mambo matatu katika siku tatu za mwanzo: homa, sukari ya damu na kumeza. Baada ya siku 90, waliofariki au kubaki wakiwategemea watu wengine walikuwa asilimia 42 katika wodi hizo, na asilimia 58 katika wodi nyingine. Mambo hayo matatu yalikwenda pamoja, kwa hiyo si halali kudai kwamba kipimo cha kumeza peke yake ndicho kilicholeta tofauti. Na wodi zile zilikuwa na watumishi wengi kuliko zetu. Lakini hakukuwa na mashine mpya wala dawa mpya katika mpango ule; kilichoongezwa kilikuwa mafunzo na makubaliano ya nani afanye nini.

Kuhusu muda wako, naona kuna mzigo ambao unaweza kuondolewa mikononi mwako. Kadi ngumu inayoning'inizwa juu ya kitanda, yenye maneno «Asipewe kitu kwa mdomo» upande mmoja na «Uji mzito tu, akiwa amekaa wima» upande wa pili, humwezesha hata mfanya usafi kumzuia ndugu aliyekuja na chai. Ndugu mmoja wa mgonjwa akichaguliwa na kuonyeshwa mara moja namna ya kumketisha na kumlisha, na namna ya kumsafisha kinywa kila siku, anakuwa msaidizi wako. Usafi wa kinywa si jambo la urembo hapa, kwa kuwa bakteria wanaokaa kwenye meno machafu ndio wanaoshuka mapafuni pamoja na mate. Na kuhusu daktari asiyepita, agizo la kumzuia mgonjwa lisiachwe bila mwisho: liandikwe pamoja na saa ya kumpima tena, na lieleze kwamba aliyeshindwa mara ya pili awekewe mpira wa puani na uongozi wa zamu bila kusubiri mzunguko wa asubuhi. Hilo likikubaliwa na mganga mfawidhi kwa maandishi, ndugu wa mgonjwa hawatakulaumu wewe peke yako.

Mchangiaji, mama wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo:

Nawasalimu nyote. Mimi ni mama wa mtoto wa miaka sita, ninaishi Tanga vijijini. Mmezungumza sana kuhusu wagonjwa wa wodini, nami naomba niseme kuhusu wale ambao hawalazwi. Mwanangu kwa miaka yake ya mwanzo alilishwa kama nilivyoona watoto wakilishwa kwetu: nilimlaza mapajani, kichwa kikaning'inia nyuma, nikamnywesha uji kwa kiganja huku analia. Kila mwezi alikuwa na kifua. Kliniki walimpima uzito wakaniambia niongeze chakula. Hakuna aliyeniomba nimlishe mbele yao ili waone. Mtaalamu wa viungo aliyekuja na timu ya kutembelea vijiji ndiye wa kwanza aliyenionyesha nimketishe, kichwa kiinamie mbele kidogo, nitumie kijiko kidogo kisicho na kina kirefu, nisubiri ameze ndipo niongeze. Kifua kimepungua sana. Lakini kumlisha kunachukua muda mwingi, na biashara yangu ya vitumbua nimeiacha. Wanaume hawakai na watoto hawa, na wifi zangu wanaogopa asije akapaliwa mikononi mwao. Uji pia unanichanganya. Mmoja ananiambia uwe mwepesi, mwingine ananiambia uwe mzito. Nifuate upi?

Mleta uzi:

Mama, pole na hongera kwa kazi unayoifanya. Ulichokisema kuhusu kliniki ni sahihi, na kinatuhusu sisi watu wa lishe moja kwa moja: tunapima uzito na kutoa ushauri bila kumwona mtoto akila. Mtoto yeyote mwenye mtindio wa ubongo anayefika kliniki angepaswa kulishwa pale pale, mbele ya mhudumu, kwa chakula alichokuja nacho mama yake.

Swali lako la uji lina jibu, na ni jibu ambalo watu maskini wanaweza kulitumia sawa na matajiri. Kuna mfumo wa kimataifa uitwao IDDSI, ulioanzishwa mwaka 2013, unaopanga vyakula na vinywaji katika ngazi nane, kutoka 0 ambayo ni maji hadi 7 ambayo ni chakula cha kawaida. Uzuri wake ni kwamba uzito wa kinywaji hupimwa kwa bomba la sindano la mililita 10, bila sindano yenyewe na bila kile cha kusukumia. Unaziba tundu la chini kwa kidole, unajaza kinywaji hadi 10, unaachia kwa sekunde 10, kisha unaziba tena na kusoma kilichobaki. Kikibaki chini ya 1, ni sawa na maji. Kikibaki kati ya 1 na 4, ni ngazi ya kwanza. Kati ya 4 na 8, ya pili. Zaidi ya 8 kikiwa bado kinadondoka, ya tatu. Kisiposhuka kabisa kinahesabiwa kuwa ngazi ya nne, nacho huhakikiwa kwa kijiko: kikiinamishwa, uji uanguke kama donge moja bila kung'ang'ania. Jambo la kuangalia ni kwamba mabomba hayafanani. Linalotakiwa ni lile ambalo mistari yake, kuanzia sifuri hadi 10, ina urefu wa milimita 61.5.

Hospitali za nchi tajiri hununua unga maalumu wa kufanya maji yawe mazito. Kwetu unga huo huagizwa kutoka nje na bei yake haishikiki. Tuna uji, na uji una tabia zake ambazo ni lazima zijulikane. Ukipoa huwa mzito zaidi, kwa hiyo upimwe ukiwa na joto lile lile la kuliwa. Mate huuvunja na kuufanya mwepesi, kwa hiyo kijiko kilichotoka mdomoni kisirudishwe kwenye bakuli zima. Mimina kidogo kidogo kwenye chombo kingine. Kisha kuna kimea. Sisi maafisa lishe tumekuwa tukiwashauri akina mama watie unga wa ulezi uliooteshwa ili uji uwe mwepesi na mtoto apate nishati nyingi kwa kijiko. Ushauri huo ni mzuri kwa mtoto anayemeza vizuri, lakini kwa mtoto anayepaliwa na vitu vyepesi unamrudisha kwenye hatari ile ile. Nadhani hapo ndipo ulipochanganywa: kila mmoja alikushauri kwa mtoto mwingine aliyemfikiria kichwani mwake.

Kwa mwanao, kwa jinsi ulivyoeleza, ningeanza na uji mzito usio na madonge, uliotiwa karanga zilizosagwa laini au maziwa na mafuta kidogo ili nguvu isipungue, na ningemtazama akimeza kabla sijabadilisha chochote. Mtori laini na maharage yaliyopondwa na kuchujwa maganda vinafaa pia. Angalia mkojo wake. Watu wanaokunywa vitu vizito tu hupungukiwa maji bila kujulikana. Na suala la biashara yako ulilolitaja mwishoni si dogo. Ninapendekeza kwamba mhudumu wa afya ngazi ya jamii anapofundishwa kumlisha mtoto kama huyu, amfundishe na baba na shangazi katika kikao hicho hicho, ili woga wa wifi zako uishe kwa kuona na kufanya.

Mchangiaji, mkazi wa Kaunti ya Bomet:

Habari zenu kutoka Kenya. Baba yangu mzazi alikuwa na saratani ya umio, nami nataka kuongeza jambo kuhusu stenti, kwa sababu watu wengi wakisikia ugonjwa umefika mbali wanafikiri hakuna kilichobaki cha kufanya. Huku kwetu Hospitali ya Tenwek imekuwa ikiweka stenti kwa miaka mingi, na madaktari wake walionyesha kwamba zinaweza kuwekwa kwa kamera bila mashine ya eksirei ya kutazama moja kwa moja, ambayo hospitali nyingi hazina. Matokeo yao kwa mamia ya wagonjwa yalichapishwa mwaka 2009 katika Lancet Oncology. Baba hakupona, lakini aliingia akiwa hamezi hata mate, anatembea na kikopo cha kutemea, na akarudi nyumbani akala pamoja nasi mezani. Jambo hilo kwa mzee ni heshima yake. Kilichotusaidia ni kwamba tunaishi karibu. Ndugu zetu wa kaskazini mwa nchi wana ugonjwa huo huo na hawana Tenwek.

Mleta uzi:

Ndugu yangu wa Bomet, pole kwa msiba, na asante kwa ushuhuda. Bei ya stenti ndiyo iliyokuwa kizuizi kikubwa, na hapo kuna hatua iliyopigwa: muungano wa watafiti na madaktari wa saratani ya umio Afrika, AfrECC, ulishirikiana na Clinton Health Access Initiative na kampuni ya Boston Scientific ili stenti zipatikane kwa bei nafuu Kenya, Tanzania, Malawi na Zambia, pamoja na mafunzo kwa wanaoziweka. Kinachobaki ni serikali zetu kuzinunua kwa utaratibu wa kudumu na kuziweka katika hospitali za kanda, zisibaki chache na mbali. Nakubaliana nawe kabisa kwamba kumrudishia mtu uwezo wa kula na familia yake ni matibabu kamili, hata pale ambapo saratani yenyewe haiondoki.

Mchangiaji, mfamasia:

Naomba niongeze tahadhari moja inayosahaulika. Mgonjwa akishindwa kumeza, ndugu zake husaga vidonge na kuvichanganya na uji, au muuguzi huvisaga na kuvipitisha kwenye mpira. Vidonge vingi vinaruhusu hivyo, lakini vile vilivyotengenezwa kuachilia dawa polepole havisagwi kamwe. Nifedipini ya aina hiyo hutumika sana kwa wagonjwa wetu wa shinikizo la damu, yaani hao hao wanaopata kiharusi. Ikisagwa, dozi ya siku nzima huingia kwa mkupuo na shinikizo linaweza kuporomoka vibaya. Omeprazo ya vidonge vilivyofunikwa nayo isisagwe, kwa kuwa asidi ya tumbo huiharibu kabla haijafanya kazi. Anayeandika dawa aulize kwanza kama mgonjwa anameza, kisha aandike amlodipini au nyingine inayokubali kusagwa.

Mleta uzi:

Ndugu mfamasia, hilo halikuwamo katika rasimu ya mwongozo wa hospitali yetu, nami nitaliingiza kama lilivyo. Rasimu hiyo ina ukurasa mmoja: swali la kumeza kwa kila mgonjwa anayelazwa, kipimo cha maji na cha uji, kadi ya kitandani, saa ya kupima tena, orodha ya vidonge visivyosagwa, na safu katika rejista ya wodi ya kuandika «shida ya kumeza» kama tatizo linalojitegemea. Itajadiliwa kwanza na wauguzi wa zamu, kabla ya kupelekwa kwa uongozi, kwa sababu zilizoelezwa na dada yetu hapo juu.

Ninaomba mambo mawili kutoka kwa wanajukwaa. Mwenye maelekezo ya Kiswahili, yenye picha, ya kumketisha na kumlisha mtoto mwenye mtindio wa ubongo ayaweke hapa ili mama wa Tanga na wenzake wayapate. Na aliyewahi kudai malipo ya kupanua umio kwa mtoto kupitia bima yoyote, aeleze alijibiwa nini na kwa maandishi gani, ili tuwe na kitu cha kuwaonyesha wanaopanga vifurushi.